Gari la Honorata na Landrova ya Baba

Kasingirima, Ujiji
12 Machi 1997

Mwanangu Honorata,

Gari limefika. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Lilishushwa kwenye behewa juzi mchana, halina hata mkwaruzo. Nusu ya Kigoma ilikuwa stesheni. Mama yako alivaa kile kitenge cha harusi yako, akasimama karibu na tairi la mbele kama mtu anayesubiri kupigwa picha, na mpiga picha hakuwepo.

Unaniuliza likoje nikililinganisha na Landrova yangu. Mwanangu, huko ni kumlinganisha bibi harusi na mama mkwe. Landrova niliinunua kwa mapadre mwaka wa sabini na nne, nayo ilikuwa imeshafanya kazi miaka minane. Mvua ikinyesha nje, ndani nako inanyesha. Mtu akipanda Kidahwe, hapa anashuka amejishika kiuno. Asubuhi ukitaka iwake unaibembeleza kwanza. Hili lako unazungusha ufunguo, kisha unabaki kujiuliza limewaka au bado. Nilimwuliza fundi mara mbili: "Limewaka?" Akacheka. "Mzee, mbona tunakwenda!"

Ndiyo, fundi wa pale stesheni ndiye aliyeliendesha mpaka nyumbani. Nilitaka siku ya kwanza nikae kama abiria, nifaidi. Usinicheke.

Sina neno la kukushukuru linalotosha. Mama yako anasema umetuvika nguo mbele za watu, na mimi nasema hivyo hivyo. Msalimie Erasto, mwambie mkwe wake anatembea kifua mbele.

Ukiandika tena, tumia herufi kubwa na wino mweusi. Karatasi za siku hizi ni hafifu.

Baba yako,
Feliksi Bitagoye


Morogoro
2 Aprili 1997

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisomea mlangoni pa posta, watu wakinipita huku na huku. Nimecheka peke yangu mpaka nikaona haya. Lakini mwandiko wako, Baba! Umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza, na mistari inapanda mlima. Ni furaha hiyo, au ni umri?

Sasa nina ombi. Landrova iuze, au igeuze banda la kuku. Imetosha. Wewe unaipenda, mimi naikumbuka. Kila asubuhi nilikuwa naisukuma nikiwa na sare ya shule, nafika darasani miguu imejaa matope, wenzangu wananiita Utingo. Siku moja niliapa moyoni kwamba nikishika kazi, baba yangu atakaa kwenye gari lisilosukumwa. Imenichukua miaka minne ya mshahara wa ualimu, na ni mtumba tu wa Japani wa mwaka themanini na tisa, lakini hulisukumi.

Skolastika, yule rafiki yangu wa shule anayeuza dagaa Kibirizi, ananiambia bado unashuka na Landrova mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kuwabeba watu wanaovuka ziwa kutoka Burundi na Zaire. Nasikia uchungu juu yao, Baba. Ila una miaka sitini na sita. Yapo magari meupe ya mashirika kwa kazi hiyo. Pumzika. Endesha gari lako jipya taratibu, umpeleke Mama kanisani.

Mwanao akupendaye,
Honorata


Kasingirima, Ujiji
6 Mei 1997

Mwanangu Honorata,

Marahaba. Gari ni zima na sisi ni wazima. Jumapili tunakwenda nalo kanisani, siku za gulio tunakwenda nalo Mwanga sokoni. Mama yako ameacha kujifunga khanga mbili kichwani kwa ajili ya upepo. Juzi tulifungua ile baridi ya ndani, akavumilia mpaka njia panda, kisha akaomba shuka.

Ni gari zuri mno. Halitingishiki, halinuki mafuta, mtu anazungumza na mwenzake bila kupiga kelele. Mimi na mama yako tumegundua kwamba miaka yote hii tulipokuwa safarini hatukuwa tukisikilizana.

Lakini kuiuza Landrova, hapana. Gari lako haliwezi kushuka mwaloni, tumbo lake liko chini. Wiki iliyopita tulilijaribu mpaka pale mchanga unapoanza, likalala kama mbuzi aliyekataa kamba. Watu kumi walilinyanyua. Landrova inaingia mpaka maji yaguse rimu, na mgonjwa anapakiwa kutoka kwenye mtumbwi bila kulowa. Magari ya mashirika yapo na yanafanya kazi kubwa, ila mtumbwi hauangalii saa za kazi. Watu wanafika alfajiri, wengine wana homa, wengine wana mimba ya mwezi wa tisa. Nikisikia wamefika nami nina gari mlangoni, nitajifunika shuka nilale?

Mwandiko huu unaouona umenyooka ni kwa sababu nimenunua kalamu mpya.

Baba yako,
Feliksi Bitagoye


Morogoro
15 Juni 1997

Baba, shikamoo.

Skolastika ameniandikia. Anasema gari nililokununulia linaendeshwa na mwanamke. Kijana, mkimbizi wa Burundi, jina lake Kaneza, na yumo nyumbani kwetu tangu mwaka jana. Wewe unakaa mbele pembeni yake, mama yangu anakaa nyuma. Mama yangu, Baba! Kiti cha nyuma! Anasema watu wa Kasingirima wameshaacha kunong'ona, wanasema waziwazi kwamba Mzee Feliksi ameoa.

Na ile barua ya mwezi wa tano si mwandiko wako. Kalamu mpya! Tarakimu za saba zimekatwa katikati, kama wanavyoandika waliosoma Kifaransa. Kumbe hata kunidanganya umempa yeye kazi hiyo.

Miaka minne nimevaa gauni moja kazini mpaka wanafunzi wakalizoea. Sikufanya hivyo ili mtu aliyetupwa na maji aje kujitafutia mume ndani ya gari langu. Mwondoe. Kama hutaki, basi mimi ndiye sitakanyaga tena hapo.

Honorata


Kasingirima, Ujiji
4 Julai 1997

Honorata,

Mimi ni mama yako, Veneranda. Unajua kalamu hainitii, kwa hiyo nasema na mwingine anaandika. Anayeandika ni Kaneza. Nimemwambia asibadilishe hata neno, na najua hatabadilisha. Utaona mbele kwa nini.

Baba yako haoni. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu mwaka juzi, la kulia likafuata. Hospitali wanasema ni mtoto wa jicho. Nilimwambia, "Mwandikie Honorata." Wiki hiyo hiyo ikaja barua yako kwamba gari limepakiwa kwenye treni. Aliiacha chai ikapoa, akaniambia, "Vene, mtoto kajinyima miaka minne. Nimjibu kwamba amemnunulia kipofu?" Nami nikanyamaza. Hapo kosa ni langu pia.

Landrova alikuwa bado anaimudu kidogo, kwa sababu ameishika miaka ishirini na mitatu na kila kitu chake anakijua kwa sikio na kwa kiganja. Gari lako ni kimya, hajui linafanya nini. Alilijaribu hapa uani akavunja banda la kuku. Kuku wawili tuliwala, wengine wakahamia kwa jirani.

Sasa Kaneza. Novemba mwaka jana baba yako alimtoa mwaloni akiwa na homa kali, amelazwa nyuma kwenye Landrova. Walipofika mlimani gari likazima. Baba yako alikuwa anapapasa injini, haoni anachoshika. Yule mgonjwa akainuka, akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "Muzee, mafuta hayafiki. Chini ya pampu kuna kikono, kisukume." Likawaka. Marehemu mumewe, Gélase, alikuwa dereva wa lori la kahawa huko kwao, ndiye aliyemfundisha. Alipotoka hospitali hakuwa na mtu. Niliyemleta nyumbani ni mimi, si baba yako. Anamwendesha, anamwandikia, anamsomea. Kiti cha nyuma nimekichagua mwenyewe, nikae nikinyoosha huu mguu wangu mbovu. Nenda ukamwambie Skolastika.

Na lingine. Barua yako ilipofika tulikuwa tunapukuchua mahindi. Baba yako akampa Kaneza asome, kama kawaida. Akasoma vizuri, akafika kwenye jina lake, akasita. Baba yako akamwuliza, "Mbona umenyamaza?" Angeweza kuruka, Honorata. Nani angejua? Mimi sisomi, yeye haoni. Hakuruka. Alisoma yote mpaka jina lako la chini, kwa sauti ileile anayotusomea Injili. Kisha akaikunja, akampa baba yako mkononi, akatoka kwenda kuosha gari lako.

Baba yako alilia. Tangu nimeolewa sikuwahi kuliona hilo.

Sina zaidi.

Mama yako,
Veneranda

(Imeandikwa na Kaneza, kama ilivyosemwa.)


Morogoro
21 Septemba 1997

Dada Kaneza,

Barua hii nimeianza mara nyingi tangu Julai na kila mara nimeichana. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba radhi bila kujiaibisha. Haipo. Nilikutukana, na nilikutukana kwa kinywa chako mwenyewe. Nisamehe.

Sikuuliza hata swali moja. Nilipata jina lako na maneno ya mtu, nikaona inatosha. Kama nataka kusema kweli yote, kilichonichoma hakikuwa Mama kukaa nyuma. Kilichonichoma ni kwamba kuna mtu mwingine kando ya baba yangu, ndani ya gari nililolinunua na ambalo mimi sijawahi hata kulikalia. Niliona wivu. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu.

Erasto amepata habari za hospitali moja huku wanapopasua macho. Nitakuja Desemba shule zikifungwa, nimchukue. Tafadhali kaa nao mpaka nifike, na hata baada ya hapo.

Barua hii usiwasomee. Isome peke yako.

Honorata


Kambini, Kasulu
16 Novemba 1997

Dada Honorata,

Amahoro, amani kwako. Kiswahili changu ni cha huku ziwani, utanivumilia.

Barua yako nimeipata, lakini si Kasingirima. Mwezi wa kumi lilitoka tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje wakusanywe kambini. Askari walifika kwetu asubuhi tukinywa uji. Hawakunipiga. Mzee aliwaambia, "Huyu ni mtoto wangu." Mkubwa wao akamwuliza karatasi za mtoto ziko wapi. Mama alinifungia sufuria, unga na lile shuka lake la kwenye gari, na wakati wote huo alikuwa anawafokea wale askari kwa Kiha, nao wanaitikia "ndiyo, Mama" huku wananipandisha lorini.

Barua yako ilikuja nyuma yangu. Skolastika alikuwa kwenu, akajitolea awasomee. Mzee alipopapasa bahasha na kuambiwa imeandikwa jina langu, akakataa. Alisema, "Ya mtu ni ya mtu." Akaiweka mfukoni siku nne. Siku ya tano wakaamua kuniletea.

Juzi Ijumaa nilikuwa kwenye foleni ya maji. Nikasikia gia ya pili inalalamika huko barabarani, kisha ikaingia kwa kishindo. Duniani ni Mzee tu anayeipiga gia ile kwa kiganja. Niliacha ndoo nikakimbia mpaka kwenye kizuizi cha barabara.

Alikuwa ameshika usukani yeye. Mama alikuwa mbele, kichwa nje ya dirisha, uso mzima vumbi jekundu, sauti imemkauka. Walikuwa wameondoka alfajiri na sasa ilikuwa saa tisa alasiri. Njia yote alikuwa anamwambia: "Kulia kidogo. Mbuzi. Simama. Haya nenda. Daraja, daraja!" Kidahwe lori liliwapita likiwapigia honi, Mama akamtukana dereva mpaka akapotea. Vilima vyote vya huku wamevipanda na kuvishuka hivyo, mmoja anaona hajui kuendesha, mwingine anaendesha haoni.

Nilimfokea Mzee, dada. Sijawahi kumfokea mtu wa umri wake. Nilimwambia ungemuua Mama, ungeua watoto wa watu njiani, kwa karatasi moja! Alitoa barua mfukoni akanipa kwa mikono miwili. Nikamwuliza, kama ilikuwa lazima mje, kwa nini hamkupanda basi? Akasema hakuwa amezoea kuja kwa mtoto wake mikono mitupu. Nikauliza tena, basi kwa nini si lile gari zuri? Akasema, "Lile la Honorata nisingethubutu. Ningeligonga, angeumia."

Kisha akasema, "Umesema kweli. Sirudi nalo hili." Nilidhani ni hasira. Akaomba aitiwe Selestini, katekista wetu wa hapa kambini. Wagonjwa wetu na wajawazito tulikuwa tunawabeba kwa machela mpaka zahanati, na mvua hizi njia ni matope matupu. Mzee alikuwa ameyasikia hayo kwa watu wa kanisani Ujiji. Akamwambia Selestini, "Gari nimelileta. Dereva mnaye tayari." Wakuu wa kambi walizungumza sana, mwishowe wakakubali, mradi lisivuke kizuizi.

Nilimvuta pembeni. "Mzee, hii Landrova ndiyo roho yako."

Akasema, "Ninalo lingine. Mwanangu amenunua."

Alinikabidhi ufunguo, kisha hendeli ya kuwashia, kisha akaanza kunifundisha moja baada ya jingine mambo yote ninayoyajua: kikono cha pampu, breki ya kupigwa mara mbili, mlango unaofungwa kwa kamba. Nilimsikiliza kama mgeni. Walilala kwa Selestini, jana wakarudi kwa basi. Mama anasema basi halina heshima. Tangu hapo nimeshapeleka wagonjwa watatu zahanati, na leo asubuhi mmoja wao amejifungua mtoto wa kike.

Barua yako niliisoma peke yangu, ndani ya gari, milango imefungwa. Nami nikuambie kweli. Siku ile nilipotoka kwenda kuosha gari lako, nilitaka kulipiga jiwe kioo cha mbele. Nililishika jiwe kabisa. Halafu nikaliosha tu. Nimekusamehe, na wivu wako naujua, kwa sababu nami nilikuonea wewe: una baba.

Njoo umchukue. Gari lako liko pale uani na yeye yuko peke yake nalo. Ipo siku atajaribu.

Kaneza


Kasingirima, Ujiji
30 Juni 1998

Binti yangu Kaneza,

Utazame mwandiko huu. Ni wangu. Nimeandika mchana kweupe, bila miwani, na mstari haujapanda popote.

Honorata alikawia si kwa kupenda. Desemba ile reli ilikatwa na mafuriko, akafika Februari kwa kubadilisha mabehewa njiani, amechoka kama mtu aliyetembea kwa miguu. Alinipeleka Morogoro. Walianza na jicho la kulia, baada ya miezi miwili wakafanya la kushoto. Kitambaa kilipoondolewa mtu wa kwanza kumwona alikuwa daktari, wa pili Honorata. Amenenepa. Sikumwambia. Honorata aliponirudisha hapa nilimwambia mama yako kwamba mvi zake zimejaa kichwani, na hakunisemesha siku mbili, kwa hiyo nimejifunza.

Na gari! Kumbe ni la kijani. Nimewaambia watu mwaka mzima ni la kijivu, na ninyi wote mlininyamazia.

Uliniuliza siku moja, tulipokwama Simbo, lipi ni bora hasa. Nikazungukazunguka kwa sababu jipya sikuwa nalijua. Sasa nimeliendesha wiki tatu. Ni bora hili la Honorata. Breki zinashika, taa zinamulika, mgongo hauumi. Landrova nilikuwa nikiisifu mno kwa vile ilikuwa ni mimi tu niliyeiweza, na mzee anapenda awe na kitu kinachomshinda mwingine. Usiiambie. Ila nimesikia kwa Selestini kwamba mvua zote hizi haikuacha mgonjwa hata mmoja njiani, na nilipolisikia hilo nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu.

Nimeandika maombi kwa wakuu wa kambi upate kibali cha kuja Krismasi. Wakikataa, tutakuja sisi, kwa gari la kijani, nami nitakuwa naona ninakokwenda.

Alhamisi nilimpeleka Honorata stesheni kurudi kwa mumewe. Alikaa mbele. Kutoka hapa nyumbani alinipa masharti: usizidi arobaini, usipite lori, jicho la kushoto halijapona sawasawa. Miezi minne alikuwa akiamka kunitia dawa machoni, akishinda shuleni, akirudi kunipikia. Tulipofika Mwanga nikageuka kumwonyesha duka jipya, nikakuta ameshalala, mdomo wazi, mkono bado umeshika kikapu cha samaki wetu, migebuka.

Tukafika stesheni. Saa ya ukutani ilionyesha tumewahi kwa saa nzima. Sikusimama. Niligeuza polepole, nikashuka mpaka bandarini, nikapanda, nikashuka tena. Mara ya tatu askari wa barabarani akainua mkono, akaja dirishani. "Mzee, umepotea?"

Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha. Aliinama akachungulia. Akarudi barabarani akasimamisha baiskeli mbili na mkokoteni, akaniashiria nizunguke tena.

Baba yako,
Feliksi Bitagoye